Gitaa la Odongo na Jina la Mama Mkwe

Nyuma ya kibanda cha samaki huko Otonglo kuna chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuzuia mwangwi. Hiyo ndiyo studio ya Jacinta. Kazi ya kuchanganya sauti za nyimbo aliianzia kanisani, alipochoka kuona kwaya ikipanua midomo na kinachosikika ni kinanda tu. Aliinuka akamshushia mpiga kinanda sauti, na tangu siku hiyo wapiga vyombo wa Kisumu humsalimia kwa adabu.

Wiki hiyo alikuwa na Odongo, mpiga gitaa wa vidole vitamu na kichwa kigumu. Odongo alimtorosha Atieno bila hata kupiga hodi kwao Ahero, na mama mkwe, Mama Seline, alikuwa hajamsamehe. Na kwa mila ya Wajaluo, mkwe hakai na mama mkwe wakapiga soga. Basi Odongo aliimba. Msamaha wote aliutia kwenye wimbo, jina la mama likiwa katikati, upigwe Jumamosi kwenye sherehe ya shukrani ya mama huyo.

Shida ni kwamba kila Jacinta alipomaliza kuchanganya sauti na gitaa, Odongo alikuwa na lake.

"Jacinta, gitaa limekonda. Ongeza kidogo."

Aliongeza. Akaambiwa aongeze tena. Mwishowe sauti ya Odongo ikawa kama ya mtu anayetubu akiwa chini ya kitanda.

Jacinta hakubishana. Alichukua spika ndogo akaitoa nje kwa Wakhisi, jirani yake mkaanga samaki, mafuta yakichachatika, akaupiga wimbo. Wakhisi alicheza mpaka mwiko ukamponyoka. Wimbo ulipoisha, Jacinta akamuuliza amesikia jina la nani.

"Jina? Kwani kuna mtu anaimba?"

Odongo akainamia viatu vyake.

"Gitaa halijakonda, Bwana Odongo," Jacinta akamwambia. "Unaogopa mama akikusikia atakukataa, ndiyo maana unajificha nyuma ya gitaa."

Odongo akamwambia alishushe.

Jacinta hakulionea gitaa. Palipo na maneno alilikalisha kitako. Maneno yalipopumzika akaliachia likimbie litakavyo.

Jumamosi, Jacinta alisimama kwenye mashine yake ya muziki huko Ahero. Odongo aliketi mbali na wakwe wenzake, kaligeuzia mgongo hema alimoketi mama mkwe, kama mtoto aliyevunja chungu. Wimbo ukafika kwenye jina. Wanawake waliokuwa wakipakua wali wakasimamisha miiko hewani. Mama Seline hakugeuka, alirekebisha kitambaa chake cha kichwani tu.

Wimbo ukaisha. Atieno akamjia Odongo, akijizuia kucheka.

"Mama amekusikia. Anasema wimbo urudiwe, na safari hii uchukue gitaa lako mwenyewe, maana hilo la kwenye mashine sauti yake ni ndogo, watu watacheza nini?"

Jacinta, bila kuombwa na mtu, akapandisha sauti ya gitaa.