Kwa Nini Baba Mkwe Wako Hula Amesimama

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mkosaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa juzijuzi tu, na mume wangu, huyu baba mkwe wako, alikuja kwetu Butiama kwa mara ya kwanza baada ya harusi. Mama alichinja kuku. Wote tukaketi. Yeye akachukua sahani, akasimama mlangoni, akala harakaharaka. Baba yangu akainamisha uso, akidhani amedharauliwa. Nami kwa aibu nikasema mbele ya watu, "Keti basi. Nani anakufukuza?"

Aliweka sahani chini, akatoka nje.

Shangazi yangu alinifuata jikoni. "Umemuuliza ili ujue, au ili umwaibishe?"

Tuliporudi nyumbani kwetu Nyasho nilimuuliza tena, taratibu, tukiwa wawili, nikipara samaki. Kisha nikaendelea na samaki wangu. Ndipo akanieleza kwamba wakati wa vita vya Kagera, akiwa na miaka tisa, wanajeshi wa Uganda walimchukua pamoja na mama yake, wakawavusha mpaka na kuwafungia kambini. Siku moja alikuwa ameketi anakunywa uji, filimbi ikapulizwa, na alipoinuka wanawake walikuwa wameshapelekwa kwingine. Siku nne hakumwona mama yake. Tangu hapo, akiketi kula, moyo unamwenda mbio.

Nilimwelewa. Ila watoto sikuwaambia, niliona nawakinga. Kumbe mumeo alikua akiamini kwamba baba yake hapendi kukaa nao. Jana uliniuliza kwa nini huko kwenu Kabasa mumeo alikuwa akimgombeza mtoto akiinuka na sahani. Sababu ni hiyo.

Mlipokuja Pasaka, ulipokuwa unamwogesha mtoto, nilimwambia mumeo yote, mzee akiwepo.

"Baba, mbona hukusemaga?"

"Nilikuwaga naogopa mtanionea huruma."

Kilichofuata ulikiona mwenyewe, ila hukujua maana yake. Chakula kilipoiva mzee hakuketi. Mumeo akachukua sahani yake, akaenda kusimama naye.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona jambo usilolielewa kwa mtu unayempenda, uliza. Uliza mkiwa wawili, kwa nia ya kujua, halafu mpe muda hata akinyamaza sana. Na ukishajua, usifanye kama mimi. Mweleze mtoto kwa kadiri ya umri wake, asije akajitungia sababu yake mwenyewe akaishi nayo.

Mungu akulinde, akukuzie watoto, na nyumba yenu isikose mtu wa kumsimulia mwenzake.