Mjomba wa Watu Arobaini na Mmoja

Karani wetu wa chumba cha maiti ana wapwa arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsalimu. Ukimwona anavyofuta meza iliyokwisha kufutwa, huwezi kudhani ni mtu wa kudanganya. Hata chai yangu, mimi wa chumba cha mafaili mlango wa pili, huiomba kwa adabu kabla ya kuimaliza.

Kisa ni fomu. Maiti asiyejulikana hukaa siku ishirini na moja, tangazo likiwa ukutani, kisha halmashauri humzika. Lakini fomu ya maziko ina nafasi ya "uhusiano na marehemu", na ikiachwa tupu, inarudishwa. Ya mzee mmoja ilirudi mara tatu. Mara ya nne karani akaandika: mjomba. Ikapita. Tangu hapo akawa mjomba wa kila aliyekosa mtu. Akaona haifai kuwa mjomba wa karatasi tu, akawa anakwenda makaburini kusimama na wachimbaji, tai shingoni.

Mkuu mpya wa hospitali alipopekua daftari la maziko alicheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mkuu. Akamwandikia karani barua ya kujieleza. Maelezo yasiporidhisha, kazi hana. Tulimtania kwamba ukoo mkubwa hivyo hauwezi kushindwa kumlisha. Hakucheka, nami nikajuta.

Siku ya kujieleza, karani akiwa mbele ya mkuu nami nimepeleka mafaili, akaingia dada mmoja na picha. Alikuwa akimtafuta kaka yake, mwezi wa tano sasa. Karani aliitazama picha, akafungua daftari pale pale. Kovu goti la kushoto. Shati la bluu, kifungo cha pili cheusi.

"Hicho nilikishona mimi," dada akasema, na machozi yakamtoka.

Dada akasoma mwenyewe kwa kidole: safu ya tatu, kibao namba kumi na saba, amezikwa na mjomba. Kidole kikasimama.

"Mjomba gani? Mama yetu hakuwa na kaka."

Karani akainama. Akasema mjomba ni yeye, na ni uongo, ila maziko alihudhuria. Dada akafuta machozi, akamgeukia.

"Shikamoo, mjomba."

Mkuu aliivuta ile barua, akaichana. Karani hakuona, alikuwa akiitafuta marahaba, na ilichelewa kutoka.