Mlezi Aliyekataa Uji Ununuliwe kwa Shikamoo

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya kabichi ya Kwemtindi, kijiji cha ujamaa kilicho milimani, juu ya mji mdogo wa Soni. Ndani ya kituo cha watoto wadogo, mlezi Yunis Shemhilu amechuchumaa kando ya benchi. Mbele ya Salma, msichana wa miaka minane, kipo kikombe cha uji wa maziwa. Salma anatazama ukuta. Hakigusi.

Watoto wengine thelathini na wanne wameshakunywa, wako nje wanaimba. Yunis anasogeza kikombe kidogo, kisha anarudisha mkono mapajani. Anangoja.

"Mwezi uliopita alikuwa anakichukua mwenyewe," anasema. "Kazi ya mwaka mzima wameivunja kwa siku tatu. Siku tatu tu!"

Ni mwanamke mpole wa miaka arobaini na mmoja, lakini siku hizo anazitaja kwa hasira.

Salma hasemi. Daktari aliyempima alisema masikio yake ni mazima. Akiitwa hageuki, ila mtu akitikisa maharage ndani ya kopo, anakuja mbio hata akiwa nje. Kelele zikizidi, anajiuma mkono. Watu wamesema amerogwa, wamesema amedekezwa, wamesema mama yake alivunja mwiko.

"Shangazi yake alimtandika kwa sababu hakumwamkia," anasema mama huyo, Mwanaidi, mchuma chai. "Nami nilisimama pale pale. Sikumzuia. Linaniuma mpaka leo."

Yunis alipata mafunzo ya ulezi ya wiki sita tu. Mengine yote amejifunza kwa Salma.

"Mwezi wa kwanza nilikuwa namtazama tu," anaeleza. "Kabla hajajiuma, kumetokea nini? Akishajiuma, sisi tunafanya nini? Nikaona anajiuma tukimvuta mkono. Basi nikaacha kumvuta."

Kisha akachukua lile kopo la maharage. Salma akitazama kikombe, Yunis analitikisa. Siku nyingine, halitikisi mpaka akiguse. Baadaye, mpaka akinyanyue. Ilichukua miezi mitano. Muda wote huo uji alinyweshwa kila asubuhi, awe amefanya au hakufanya.

Hafichi kwamba naye aliwahi kukosea. "Siku moja nililifungia kopo kabatini ili anitii upesi. Alijiuma mpaka damu ikatoka. Nikasema ni mkorofi, kumbe mkorofi ni mimi. Kopo lile ni furaha yake. Mimi nilitaka kuligeuza fimbo."

Baada ya siku ile alimfundisha Salma jambo ambalo milimani huku mtoto hafundishwi: kukataa. Asipotaka kitu, ananyoosha kiganja mbele, na mkubwa anaacha. "Asiyeweza kusema sitaki," anasema Yunis, "ataumizwa na kila anayepita."

Kiganja hicho ndicho kilichozua balaa. Mwezi uliopita mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Hezekia, alileta wageni kituoni. Watoto waliimba shikamoo kwa sauti moja. Mwenyekiti akamshika Salma begani, akamvuta mbele aamkie. Salma akamnyooshea kiganja. Wageni wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

Wiki iliyofuata Yunis alikwenda Bumbuli kumzika baba yake mdogo. Nyuma yake mwenyekiti akatoa amri kwa waliobaki kituoni: Salma asipewe uji mpaka aseme shikamoo. Asubuhi tatu kikombe kiliwekwa mbele yake, akakiona, kikaondolewa. Siku ya tatu Mwanaidi alimkuta nyuma ya kituo anakula udongo.

Mahindi ya uji huo yametoka shamba la kijiji. Mwanaidi ni mmoja wa waliolilima. Kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji yameandikwa kwa rangi nyekundu maneno makubwa kuhusu usawa wa binadamu, na chini ya ukuta huo huo ndipo ilipoamuliwa kwamba mtoto asiyejua kusema ashinde njaa mpaka aseme.

Leo, Yunis akiwa bado amechuchumaa, mwenyekiti anasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwenyekiti," anasema Yunis.

"Marahaba. Bado unambembeleza malkia wako?"

"Namrudishia ulichomnyang'anya, mgosi," anasema Yunis, akimwita kwa neno la heshima ambalo milimani huku huitiwa mwanamume.

"Mimi nimefuata njia yako mwenyewe! Wewe unatikisa kopo, mtoto anafuata. Nikaona, kama maharage makavu yanamfundisha, si uji utamfundisha zaidi?"

"Kopo ni nyongeza. Uji ni haki yake. Nyongeza ukiinyima, anakosa raha. Haki ukiinyima, unamtesa."

"Asiyeamkia wakubwa leo, kesho atatutukana."

"Salma? Atatutukana kwa mdomo upi?"

Mwenyekiti anaondoka akisema watakutana Jumamosi. Siku hiyo kamati ya kijiji itaamua kama amri yake iwe sheria ya kituo kwa kila mtoto asiyetii. Ikipita, mlezi atakayeivunja ataondolewa.

Yunis hajawahi kusimama kusema mbele ya kamati. Kazi yake kwenye vikao hivyo ni kupika chai na kuigawa. Mwanaidi ameahidi kuketi naye, na safari hii, anasema, hatanyamaza.

Wamekwisha kupanga la kufanya. Mama yake Yunis ni Mmbugu, wa kabila dogo la milimani huku, na katika wajumbe wote tisa hakuna anayejua lugha yao, Kimbugu.

"Nitaweka vikombe mezani, moshi unapanda," anasema Yunis. "Nitamwambia kila mmoja anisalimie kwa Kimbugu, salamu nzima, ndipo anywe. Waone inavyokuwa kuombwa usichokuwa nacho huku kikombe kiko mbele yako."

Na wakishindwa?

Anageuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inapanda mpaka watoto walioko nje wananyamaza.

"Nitawapa chai wote. Mwenyekiti nitampa wa kwanza, yenye sukari. Kisha nitawaambia waandike kwenye kitabu cha kikao: hapa hakuna anayenyimwa chakula ili afundishwe. Wasipoandika, wanifukuze. Lakini watanifukuza wakiwa wameshanywa."