Damu Yangu ya Mfano

Mimi ndiye mtaalamu wa maabara niliyewahubiria akina mama wa kijiji cha Zuzu wiki nzima: muhogo mchungu usiolowekwa hupooza miguu ya watoto, na sumu yake huacha alama kwenye protini za damu. Ilipohitajika damu safi ya kulinganishia na ya watoto wao, nilikunja shati kwa majivuno. "Chukueni yangu!"

Jana daktari alituletea majibu mbele ya akina mama. "Karibu wote wako salama. Mwenye alama ni mmoja tu."

"Mama yake asimame!" nikafoka.

Daktari akanitazama mimi. Nyuma kabisa, mama yangu mzazi, aliyemleta mjukuu wake kupimwa, akajiinua taratibu.

"Nimesimama, mwanangu. Si nilikukataza kudokoa mihogo yangu kabla sijailoweka?"