Picha ya Kutangulia

Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango wa studio yangu pale Igoma, naangalia stetasi za mdogo wangu. Simu nimeiseti isimwonyeshe kwamba nimepita. Mbinu hiyo nilifundishwa na mteja mmoja aliyekuwa anamchunguza mumewe. Mimi sina mume wa kuchunguza, namchunguza ndugu yangu wa tumbo moja.

Naanza na hilo ili msije mkanidhania mwema. Mdogo wangu ana studio Buswelu, anapiga picha kama mimi. Tatizo liko kwenye hilo "kama mimi", maana watu wakiona za kwake hawasemi zinafanana na za kwangu. Wanasema, "Hizi picha, jamani," basi, hawaongezi neno, na mimi roho inaniuma mpaka saa za chakula cha mchana.

Kazi niliianza mimi. Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu wa zamani za filamu, ambapo mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita, na mtu akipepesa macho umepoteza moja. Alikuwa na neno moja tu kwa mteja, awe mtoto au diwani: "Tulia." Ukimaliza kutulia anapiga, unashuka kwenye kiti, anaingia mwingine. Filamu zilipokufa neno halikufa. Nimewatuliza watu wa Igoma miaka ishirini na tano, mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji na ngazi zinazopanda kwenda kwenye jumba ambalo mchoraji hakulimalizia.

Neno langu la pili nililipata kwa wateja wenyewe. Anamaliza kupigwa, anainama dirishani, anasema taratibu, "Dada, uning'arishe kidogo." Nami nang'arisha. Naondoa chunusi, nafuta mikunjo, uso nauinua rangi. Nimewang'arisha maharusi mpaka bwana harusi mmoja akaishika picha, akamtazama mkewe, akaitazama tena picha, akauliza yule aliyemtolea ng'ombe ni yupi kati ya hao. Tulicheka wote. Nilidhani ananisifu.

Mdogo wangu hang'arishi wala hasemi tulia. Anazunguka zunguka na kamera yake, anaongea na watu habari za bei ya sato, na katikati ya maongezi unasikia kidude kimelia. Nilimwambia tangu mwanzo kwamba hivyo sivyo kazi inavyofanywa. Akaniitikia, "Sawa dada," akaenda kufungua kwake.

Kuna binti wa mtaani kwetu ambaye nilimpiga picha ya ubatizo kichwa kikiwa bado hakijakaza shingoni. Ya komunyo ya kwanza nikapiga mimi. Za paspoti za kuombea chuo, mimi. Siku moja akaja na kadi ya harusi yake, akaniamkia, "Shikamoo dada," nikaitika marahaba huku nimeshaanza kufikiria gauni lake litakavyokaa mbele ya zile ngazi.

"Dada, za harusi tumeongea na mdogo wako," akasema. "Ila za paspoti za mume wangu nitamleta kwako."

Nilimpongeza. Nilimpa na soda. Alipoondoka nilifuta kioo cha kabati ambacho hakikuwa na vumbi.

Picha za harusi ile nilizionea palepale ninapochungulia. Walikwenda kwenye mawe ya ufukweni, bibi harusi kashika viatu mkononi, gauni kalikunja hadi magotini, na nyuma yao korongo mmoja kashuka kuvamia sahani ya keki. Bwana harusi karuka pembeni, bibi harusi kafungua mdomo wote anacheka. Picha kama ile mimi ningeifuta kabla hata sijashusha kamera. Watu waliisambaza mpaka ikanirudia kwa wateja wangu mwenyewe. Niliikuza kwenye simu nikitafuta kasoro, na niliipata: ziwa lilikuwa limeinamia upande wa kushoto. Nilifurahi siku nzima kwa sababu ya lile ziwa kuinama.

Hayo yalikuwa ya kazi, na ningeyazoea. Lililonivunja ni la mama.

Mama anaishi Buhongwa, kwenye nyumba tuliyokulia. Mwaka jana alikwenda kumzika jirani yake, akarudi amekasirika. Kwetu jeneza likitoka, mbele yake anatangulia mtu amebeba msalaba, na mwingine amebeba picha ya marehemu kwenye fremu. Ndugu wa jirani hawakuwa na picha nyingine, wakakuza ile ya kitambulisho. Uso ulikuwa umefifia, macho yamekodoka kama ya mtu anayehojiwa kituoni. Waombolezaji wengine walikuwa wanaulizana wamekuja kumzika nani.

Mama alitupigia simu sote wawili tuje. Tulipofika alikuwa bado hajavua nguo za msibani.

"Nyie mnapiga picha watu wa dunia nzima," alisema. "Mimi nataka yangu ya kutangulia. Na niione kabla, niikubali mwenyewe. Sitaki mje mnikuzie kitambulisho."

Mdogo wangu akaanza kulia, akisema mama asitamke mambo hayo. Mimi nilimshika mama mkono, nikamwambia Mungu atampa miaka mingi. Lakini sitawaficha, wakati mdomo unasema hivyo akili yangu ilikuwa imeshafika mbali. Nilikuwa najiambia kwamba picha ya kutangulia ni moja. Hawabebi mbili. Siku hiyo Buhongwa nzima itasimama barabarani kuiangalia, na itakuwa imepigwa na mmoja wetu tu.

Nikasema haraka, "Jumamosi, mama. Studio kwangu."

Jumamosi mama alikuja na gauni la kitenge la jumuiya yao na kilemba cha rangi ileile. Nyuma yake akaingia mdogo wangu, kamera shingoni, kama mtu aliyekuwa anapita tu.

"Wewe nani kakualika?" nikamuuliza.

"Mama."

Nilimkalisha mama kwenye kiti, nikageuza taa, nikashusha pazia jeupe badala ya maporomoko, maana nilitaka kazi ya heshima. Nikasema, "Mama, tulia." Mama akatulia. Alitulia vibaya. Mabega yalipanda hadi masikioni na midomo ikafungana, akawa anafanana na yule jirani yake. Nilipiga nyingi, kila moja mbaya kuliko iliyotangulia. Nikaiacha kamera kwenye stendi yake, nikamwendea, nikaweka mkono begani kwake ili nilishushe.

"Tulia basi, mama. Bega hili lilegeze."

Mama akainua uso akanitazama. "Leo wewe ndiye wa kuniambia nitulie? Picha yako ya kwanza, mpiga picha alitufuata mnadani, akasema mtoto atulie. Ulitulia kweli. Ulitulia ukamkojolea viatu."

Akacheka. Nami nilicheka, nikitaka nisitake. Nyuma yangu nikasikia kidude kimelia, kile ninachokijua.

"Usipige wakati nafanya kazi," nikasema bila kugeuka.

"Samahani dada."

Nilirudi kwenye kamera, mama akarudi kwenye kufunga midomo, tukaendelea mpaka nikapata moja ya kufaa. Niliifanyia kazi siku mbili. Nilifuta mikunjo ya shingo, nikaondoa alama iliyo chini ya jicho, kilemba nikakinyoosha, ngozi nikaipandisha mpaka ikawa laini kama ya msichana wa kwenye kalenda. Sijawahi kung'arisha mtu kwa upendo namna ile. Nasema upendo, lakini nilikuwa pia namwona mdogo wangu akisimama kimya mbele ya ile picha, akikosa la kusema.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, tulikutana Buhongwa. Mama akavaa miwani, akaisogeza picha mbali, akaikaribisha, akaisogeza tena.

"Huyu ni mzuri," akasema. "Ni wa wapi?"

Nikadhani ananitania. "Mama, ni wewe."

"Nikitangulizwa na huyu wataulizana wamekuja kumzika nani." Akaiweka mezani taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyoweka kikombe cha chai asichotaka kumalizia. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Na wewe je? Nilikusikia ukipiga."

Mdogo wangu akasema ni moja tu, tena ya kuibia, na haina maana. Mama akanyoosha kiganja. Akapewa simu.

Mimi niliiona kwa juu ya bega lake. Mdomo ulikuwa wazi, pengo la jino la chini linaonekana, mikunjo yote imekusanyika kwenye macho, kilemba kimeenda upande. Kila kitu ambacho ningekifuta kilikuwepo.

"Huyu namjua," mama akasema. "Ndiye atakayetangulia."

Nikasema, "Sawa, mama." Nikatoka uani nikajifanya naangalia kuku. Pale uani nilimwonea mdogo wangu wivu ambao sikuwahi kuuona hata siku ya korongo. Wa harusi ulikuwa wivu wa kazi, unaweza kuuzima kwa kununua lenzi mpya. Huu ulikuwa wa mama, na mama hauzwi dukani. Kuku walinizunguka wakidhani nina mahindi.

Sasa, mashine ya kuchapa picha kubwa katika familia yetu ninayo mimi. Mdogo wangu anachapishia kwangu tangu alipoanza, na Jumatatu alinitumia ile picha kamili, pamoja na ujumbe: "Dada naomba utusafishie hii ya mama. Kuna mkono pembeni, uukate." Bado anasema kusafisha picha, akimaanisha kuchapa, kama yule mzee wangu. Neno hilo alilitoa kwangu.

Niliifungua kwenye kompyuta. Kwenye simu alikuwa ameionyesha kwa karibu, uso mtupu. Sasa ilijaa kioo chote, na kweli upande wa kushoto kulikuwa na mkono umelalia bega la mama. Niliutazama kidogo kabla sijautambua. Una kovu la pasi chini ya kidole gumba. Ulikuwa wangu.

Nikafuata macho ya mama. Hayakuwa yanaangalia kamera. Yalikuwa yamepanda, yamefuata ule mkono, yameishia pale ambapo uso wangu ungekuwepo kama picha ingekuwa pana zaidi. Ule uso aliosema anaujua alikuwa ananitolea mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa naambiwa nijikate.

Ningependa kusema kwamba wivu uliisha hapo. Haukuisha, ulibadilisha kiti tu. Nilishika kipanya nikaanza kuing'arisha. Nilijiambia ni kidogo tu, ile mikunjo ya pua, atanishukuru. Mikunjo ikaondoka, na mama akaondoka nayo. Akabaki yule mzuri wa wapi. Niliogopa kidogo, kisha nikarudisha nyuma hatua zote, moja baada ya nyingine, mpaka pengo la jino likarudi mahali pake.

Kisha nikaanza kukata. Kiwiko kikaenda. Kovu la pasi likaenda. Nikafika kwenye vidole vilivyoshika kitenge, nikavikata kimoja kimoja kwa kusogeza mstari, na nilipofika cha mwisho nikaondoa mkono kwenye kipanya. Kilikuwa kimelala juu ya bega, ncha tu na ukucha wake, kwenye ukingo kabisa. Asiyejua angedhani ni ua la kitenge. Nikachapa hivyo hivyo.

Tulimpelekea ikiwa kwenye fremu. Mama alikaa nayo mapajani mlangoni, kwenye mwanga. Aliitazama, akacheka kwa mbali, akajisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Halafu akakunja uso. Akashika pindo la kanga, akaanza kusugua kioo upande wa bega.

"Kuna uchafu hapa," akasema. "Hautoki."

Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Mdogo wangu akainama akaangalia. Nilijiandaa kuulizwa.

"Siyo uchafu, mama," akasema. "Ni kidole cha dada."

Mama akaacha kusugua. Akaisogeza fremu karibu na miwani, kisha akaanza kuifunga kwenye kanga, tayari kuiweka kwenye sanduku lake la nguo.

"Nikitoe?" mdogo wangu akauliza. "Tunaweza kuchapa nyingine."

"Kiache," mama akasema. "Tukikitoa huyu atanuna mpaka siku ya kunizika."