Mashine Iliyopumua Ikiwa Imefungwa

Katika Bwiza, mtaa wa Bujumbura, mwaka 2003, mtu mwenye kitu cha waya na taa ndogo alitakiwa kuwa na maelezo. Mabomu yalikuwa yameanguka mjini kutoka milimani mwezi Julai, na wote waliokaa ligala, kile kijiwe cha wanaume mbele ya kibanda cha Massoudi, walikuwa na hakika kwamba yupo mtu mtaani anayewaonyesha waasi pa kulenga. Kilichokosekana ni jina lake tu. Mirindi alikuwa Mkongomani wa Bukavu, aliishi peke yake, hakunywa bia na hakuuliza habari za mtu. Kwa ligala, hayo yalitosha kuanzia.

Alipanga chumba cha nyuma kwa Mama Divin, aliyeuza chakula mbele ya nyumba hiyo hiyo. Mimi nilipanga cha pembeni. Riziki yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za maofisi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kompyuta moja ya mpakato, aliyopewa na shirika lililokuwa linafunga milango. Waliiona haina faida: ikilazwa ili kuokoa umeme, haikuamka tena. Mirindi alitaka kuifundisha kulala.

Aliweka ndani yake mfumo ambao msimbo wake uko wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Katikati ya mfumo huo kuna kiini, sehemu inayoamrisha vyuma vyenyewe. Kiini ni kama kipofu. Hakijui kama feni ipo, kama betri inajua kujipima, kama mashine ina usingizi mwepesi tu au na mzito pia. Mashine ikiwashwa hujieleza yenyewe: naweza hiki, naweza kile. Mirindi aliyaandika maelezo hayo kwa namna ambayo kiini kingeyaelewa, kila uwezo na alama yake, ndiyo au hapana, na jinsi ya kuutumia. Tabu ni kwamba mashine husema uongo. Kiwanda huandika humo uwezo ambao hakikuwahi kuujaribu.

"Inasema inaweza kulala," aliniambia siku nilipomuuliza. "Sawa. Mi nailaza, nangojea kama itaamuka. Isipoamuka, naandika apana. Hata iniapie kwa Biblia, mi naandika apana."

Jioni moja umeme ulikatika kartie nzima, mtaa wote. Massoudi alikuwa amekuja kuchukua redio aliyomwachia Mirindi aitengeneze, akachungulia dirishani mwa Mirindi. Kompyuta ilikuwa imefungwa juu ya meza, na ubavuni mwake taa ya kijani ilikuwa inawaka na kufifia, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Kesho yake ligala nzima ilijua kwamba kitu cha Mkongomani kinapumua bila umeme. Baada ya siku chache kilikuwa tayari ni fonie, ile redio ya kuita mbali wanayotumia wanajeshi na mapadri. Wateja wa Mama Divin walianza kula haraka, na wengine hawakuja tena. Ikisadikika kwamba ni fonie, Mirindi angekabidhiwa kwa wanajeshi, na miongoni mwa waliokabidhiwa mwaka ule wako ambao hatukuwaona tena.

Jumapili baada ya misa alifika mzee Jovithe, shefu wa kartie, na koti lake la kanisani. Nyuma yake alikuja Massoudi na watu waliojaza ua.

"We Mirindi," alisema shefu. "Zima hiyo kitu."

"Iko inalala, muzee."

"Inalala na jicho wazi?"

Watu walicheka, Mirindi hakucheka. Alieleza kwamba taa ndiyo ishara ya usingizi mwepesi.

"Basi ilale ule muzito. Jicho likibaki wazi, tunaenda wote kambini."

Mirindi alibonyeza, mashine ikanguruma kidogo, taa ikazimika. Shefu aliinama akaitazama ubavuni, akainuka. Nilimwona Mama Divin akishusha pumzi.

"Tungojee kidogo," alisema Massoudi.

Tulingoja. Kisha feni ikaanza kuzunguka, na kwenye ufa wa kifuniko ukatokea mwanga. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

"Wanamuita!" Massoudi alipiga kelele. "Wenzake wanamuita, munaona!"

Walio mbele walirudi nyuma na kuwakanyaga wengine. Uso wa Mirindi ulibadilika, naye alishaelewa. Alikuwa ameijaribu mashine kama inaweza kuamshwa na saa yake ya ndani, ikaweza, akaiandikia ndiyo. Amri ya kuiwekea saa ya kuamka alikuwa ameiandika. Amri ya kuifuta hiyo saa hakuiandika popote.

"Ni saa, muzee. Niliiambia iamuke, sikuiambia iache."

"Na we, nani alikuambia uiamshe?"



"Mutoe batri basi!" Mama Divin alijipenyeza mbele, mwiko wa ugali mkononi. "Redio yangu nikitoa batri inanyamaza. Iko fonie gani inaita bila batri? Massoudi, we ndiye fundi wa fonie, tuambie!"

Massoudi alisogea nyuma ya shefu. Mirindi naye alisita. Kazi aliyokuwa ameianza asubuhi ile ilikuwa bado haijahifadhiwa.

"Anaogopa," mtu alisema kwa sauti ndogo.

Mirindi akaichomoa betri. Feni ilisimama, mwanga ukafa. Shefu aliipokea betri, akaisikiliza kwa sikio moja, kisha kwa jingine, akaitia mfukoni.

"Wewe unabaki. Hii inalala kwangu. Asubuhi unakuja kuchukua, jioni unarudisha."

Wakaishi hivyo. Mirindi aliona betri inarudi na nguvu pungufu kuliko alivyoiacha, akashuku kwamba shefu anaifungua. Shefu, kwa upande wake, alisema inazidi kuwa nzito. Mirindi aliandika kipande kipya: betri ikitolewa na kurudishwa, kiini kisiamini tena chochote kilichokijua kuihusu, kiiulize yote upya.

Ligala nayo haikukaa bure. Ilianza kujiuliza kwa nini shefu anaweka betri ya fonie chumbani kwake, na kila siku jioni.

Asubuhi moja mzee Jovithe alikuja mwenyewe uani, akatazama nyuma yake, akamwekea Mirindi betri mkononi ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

"Kaa nayo," alisema. "Na usiseme imetoka kwangu."