Kitenge cha Bi Federika

Uani kwa mama mkwe wangu pale Liuli tulikuwa watu watano: yeye mwenyewe, Bi Federika; mama yake mzazi, Bibi Tabitha; binti yake Roza, wifi yangu aliyekuwa anaposwa; Mzee Osmundi, mshenga kutoka Kitura, mlimani kwa Wamatengo, kwa akina Kastori aliyemtaka Roza; na mimi, mke mgeni, mteka maji.

Mshenga alileta kitenge cha mama, zawadi ya posa kwa mama wa binti. Katika ukoo ule, mwanangu, kitenge hicho hakipokelewi kikavu. Hulowekwa kwanza mbele ya wageni, ijulikane iwapo kinachuja rangi. Lakini Bi Federika aliniambia nisome maandishi ya pindoni, maana mimi angalau herufi nilizijua. Nikasoma: China.

Akakisukuma kando. Zama zile huku ziwani tulisifu nguo za Japani, kisha za viwanda vyetu wenyewe. Za China tulizicheka. Akasema kama Wamatengo wamempima Roza kwa kitambaa hicho, basi warudi nacho mlimani. Roza akainamisha kichwa. Kastori alimpenda, hata wavuvi walijua.

“Sisi wa mlimani tunalima kahawa, mama, hatufumi,” Mzee Osmundi akasema. “Tumenunua kilichokuwapo dukani.”

Bibi Tabitha aliniagiza mabeseni mawili. Kitenge cha posa akakitia katika moja. Kisha akamvua bintiye Federika kitenge kipya cha Japani alichojitanda kwa ajili ya wageni, akakitia katika la pili. Tukangoja. Maji ya cha China yalibaki kama yalivyotoka ziwani. Ya cha Japani yaligeuka bluu.

“Federika, wewe utavaa kitenge au utavaa nchi?” Bibi Tabitha akamuuliza bintiye.

Bi Federika alikikamua kile cha China, akakianika mwenyewe. Roza akaolewa.

Nimeishi kuona mengine. Japani ikaacha vitambaa, ikatuletea magari. Viwanda vyetu vikanyamaza, mitumba ikajaa. China tuliyoicheka ikavisha dunia. Sasa mjukuu wangu Skola, fundi cherehani wa Mbamba Bay, akifungua belo la mitumba ananisomea lebo za shingoni mwa mashati: Bangladeshi, Vietinamu, nchi ambazo ujanani mwangu hakuna aliyezitaja kwa nguo. China bado ipo, ila anasema si kama zamani. Aliye juu mngoje chini, mwanangu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Skola ameshona sare za shule, na wazazi wanageuza shingo ya shati kwanza wasome lebo, wakiona ni za hapahapa wanaguna. Nawaambia nilichokiona: jina la jana lisikununulie nguo ya leo. Loweka kwanza. Nawe unayeshona, ukisifiwa, kaza mshono. Ukichekwa, kaza vilevile.

Mungu akupe mikono isiyochuja, na akuvishe hadi uzeeni. Kama nimekosea jina la mtu, au kama maji ya kitenge cha Japani yaligeuka kijani na si bluu, wa Liuli mliobaki mnisahihishe.